Mkia wa Pointi Nne

Mume wa mdogo wangu tunamwita Mtaalamu. Jina hilo nilimpa mimi, na nilimpa kwa dharau, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili, na mpaka leo ukimwita hivyo barabarani anageuka taratibu kama mtu aliyezoea kutafutwa. Hajawahi kujiuliza ni mtaalamu wa nini. Ana shati la kaki lenye mifuko mingi, kalamu mbili kifuani ambazo sijawahi kuziona zikiandika, na kikohozi kikavu anachokitoa kabla ya kusema jambo ili watu wanyamaze. Kwa kikohozi hicho amekula heshima za bure miaka nenda miaka rudi. Na akishakohoa huzungumza kwa pointi. "Nina pointi mbili," husema, hata kama ameulizwa chumvi iko wapi.

Kazi pekee aliyowahi kudumu nayo ni ulinzi. Alikaa getini kwenye yadi moja ya kuuzia matrekta, akifungua, akifunga, akipigia wakubwa saluti. Mimi siudharau ulinzi. Baba yetu mzazi alikuwa mlinzi na kwa kazi hiyo alitulisha na kutuvisha. Ninachodharau ni mtu kuona matrekta yakipita mbele ya pua yake, kisha akaacha kazi akiamini kwamba yamemwingia kichwani. "Mimi nimekulia kwenye matrekta," ndivyo anavyojitambulisha kwa wageni. Uongo mtupu. Amekulia kwenye kibanda cha geti, na matrekta yenyewe alikuwa ameyapa mgongo, maana mlinzi hutazama nje.

Aliyefanya kazi kwenye nyumba yao ni mdogo wangu. Alikuwa dobi wa hospitali. Ukitaka kujua kazi ni nini, ingia kwenye chumba cha dobi wa hospitali: mvuke mpaka huoni mwenzako, mapipa ya sabuni kali, mashuka yanayokuja yakiwa na kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu, na ile mashine ndefu ya kupigia pasi inayomeza shuka zima upande huu na kulitema upande wa pili. Vidole vyake vilikwajuka, kucha zikawa laini kama za mtoto. Halafu siku moja wakubwa wakaamua mashuka yatafuliwa na kampuni ya nje, na wafanyakazi wa chumba kile wakaambiwa asante. Akapewa kiinua mgongo chake, akarudi nyumbani mgongo wenyewe ukimuuma.

Ndugu na majirani walimjia na ushauri, kila mtu na wake. Fungua duka. Jenga vyumba upangishe. Weka benki usahau. Yeye aliwasikiliza wote, akawapa chai, kisha akaenda kununua trekta dogo jekundu, la ukubwa wa kupita kwenye uchochoro bila kukwaruza ukuta wa mtu. Watu wakasema kapagawa. Hakuwa amepagawa hata kidogo. Alikuwa ameshaongea na wanawake wenye bustani bondeni, na alijua anachokifanya kuliko wote waliokunywa chai yake.

Bonde lile lina udongo mweusi mzuri, lakini haushuki sana. Chini yake kuna udongo mweupe, ule unaonata kama gundi ukilowa na kuwa kama sahani ukikauka. Ukiuchokoa ukauleta juu, mboga hazioti, msimu wote umekwenda. Liliwahi kuingia trekta kubwa la kukodi, likageuza udongo nje ndani, na eneo lile mpaka leo linaota magugu tu. Kwa hiyo wanawake wale walikuwa na sharti moja, nalo walilisema kwa kinywa cha kiongozi wao, mama mmoja wa makamo anayevaa buti za mpira kutwa nzima, jina lake la utani Mama Mfereji kwa vile anaulinda mfereji wa maji kama mwanawe. "Tunataka udongo ulainishwe juu juu," alimwambia mdogo wangu. "Usigeuzwe. Njoo na trekta dogo na rotaveta, ile ya visu vinavyosaga udongo, uwe tayari kabla ya mvua, bonde lote ni lako kila msimu. Usipokuwa tayari, kuna kijana wa ng'ambo ya kilima ana mashine yake ya kusukuma kwa mikono, tutampa yeye."

Mdogo wangu alikuwa ameweka kila kitu hapo. Mshahara haupo tena, watoto bado wako shuleni, na kiinua mgongo kimeshageuka chuma. Bonde likimponyoka, amebaki na trekta la kupiga nalo picha.

Na picha zilipigwa, tena siku ile ile lilipofika. Mtaalamu alilipanda kabla halijazimwa, akavuta mkanda wa suruali juu, akatazama mbali. Majirani wakaja. "Hongera, Bosi." "Bosi umetisha." Yeye anapokea tu, anatikisa kichwa, bila haya wala soni. Mwenye trekta alikuwa pale pale chini na ufagio, anafagia majani yaliyodondoka kwenye gari lililolileta.

Nilimfuata jikoni. "Kwa nini unakubali?"

"Nikubali nini, dada?"

"Trekta limeshakuwa la Bosi."

Akacheka kile kicheko chake cha kumaliza maneno. "Mwache bwana. Ndiyo heshima yake hiyo. Watu wakisema trekta ni la Baba Watoto, kwani litalima vibaya?"

"Akilishika yeye, litalima vibaya sana."

Fundi alikuja kulikagua na kumfundisha Mtaalamu kuliendesha, na huko kuliendesha tusidanganyane, alijifunza. Kisha fundi akatuonyesha nyuma ya trekta, mimi na mdogo wangu, kwa sababu sisi ndio tuliouliza. Kuna mikono miwili ya chuma chini na mmoja juu. "Hizi ndizo pointi tatu," alisema. "Mkia unashikwa hapa, hapa na hapa." Kwetu chombo chochote cha kufunga nyuma ya trekta tunakiita mkia, kiwe cha kulimia, cha kufyekea au cha kuchimbia mashimo. "Haidroliki inanyanyua hii mikono ya chini. Inanyanyua tu, haikandamizi, mkia ukishuka unashuka wenyewe. Sasa mkichagua mkia, chukueni wa pointi tatu, na uwe saizi ya trekta. Mkizidisha uzito nyuma, mbele litapaa." Maelezo mepesi, hata mtoto angeyashika. Mtaalamu wakati huo alikuwa kwenye kiti, anafuta kioo cha pembeni na kujitazama.

Siku ya kwenda kununua mkia, mdogo wangu alikuwa na miadi bondeni ya kupima matuta na wanawake wale. Angeweza kuisogeza siku. Hakuisogeza, kwa kuwa Mtaalamu alishasema mbele ya watu kwamba atakwenda yeye, na kumkatalia kungekuwa kumvua nguo. Alichofanya ni kuniomba mimi nimsindikize. "Kaa naye tu, dada. Ni rotaveta, hakuna kingine." Alimkabidhi mumewe pesa na kunikabidhi mimi macho.

Yadi yenyewe ilikuwa banda refu la mabati, sakafu imelowa mafuta machafu, na mikia imepangwa kama viti kwenye ukumbi. Kulikuwa na rotaveta zenye visu vilivyopinda, kulikuwa na vifyekeo, kulikuwa na bomba la kuchimbia mashimo lililosimamishwa kwenye kona. Muuzaji alikuwa mwembamba, koti la bluu, kijiti mdomoni. Aliuliza maswali ya maana. Trekta lenu lina nguvu kiasi gani? Mtaalamu akajibu, "Za kutosha." Mnalima nini? "Ardhi." Nikaingilia nikasema bustani za mboga, udongo wa kulainisha juu juu.

"Basi safari yenu imeisha," muuzaji akasema, akatupeleka kwenye rotaveta moja ndogo safi, rangi haijachubuka. "Hii ndiyo saizi yenu. Ni ya pointi tatu, mnafika nyumbani mnafunga, kesho mko kazini."

Mtaalamu akakohoa. "Pointi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu?" Akaizunguka ile rotaveta, akaigusa kwa ncha ya kiatu. "Ndugu yangu, mimi si mtu wa kubahatisha. Nimekulia kwenye haya mambo. Siwezi kutoka nyumbani kwangu nije kuchukua kitu cha pointi tatu. Huna cha nne kwenda juu?"

Nilitamani sakafu ya mafuta ipasuke. Muuzaji aliacha kutafuna kijiti. Mimi ni fundi cherehani, na uso alioufanya pale naujua, kwa sababu ninao wa kwangu. Ndio ninaouvaa mteja anapovuta tumbo ndani na kuniambia nimkatie kipimo cha zamani. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaona nani ana mkono mfukoni. "Cha pointi nne kipo," alisema polepole. "Ila hicho si cha kila mtu."

Hapo ndipo alipommaliza. Ukitaka kumpeleka Mtaalamu popote duniani, hata kaburini, mwambie si kwa kila mtu.

Kilikuwa nyuma kabisa ya banda, kimefunikwa turubai. Plau la sahani, jembe la matrekta makubwa la kugeuza udongo, sahani tatu kila moja upana wa sinia la harusini, chuma kinene, kutu imeanza kula kingo. Lilionekana limekaa pale muda mrefu likimngoja mtu wa aina yake. Nilimvuta shati.

"Shemeji, pointi tatu si alama za mtihani. Ni mahali trekta linaposhika mkia. Fundi alisema."

"Shemeji," akanijibu kwa upole ule wake unaochefua, "wewe ukikata kitambaa, mimi huja nikakushika mkasi?"

"Mimi nikikata kitambaa huwa nimeshamuuliza mwenye kitambaa kama anataka gauni au pazia. Mkeo anataka rotaveta."

Vijembe vyangu havimwingii, ngozi yake ni ya kifaru. Alinigeukia akaniambia kwamba rotaveta ni mashine ya kusagia nyanya, ukipita nayo watu wanasikia kelele tu, hawaoni kitu. "Lakini hizi sahani," akasema, na macho yakamlegea, "hizi zinaonekana kutoka barabarani." Nilipiga simu kwa mdogo wangu, ikaita bila kupokelewa, alikuwa kwenye matope na simu iko kwenye mkoba. Alipokuja kunipigia, plau lilikuwa limeshapakiwa na muuzaji ameshasema mali ikitoka getini hairudi.

Jioni mdogo wangu aliizunguka ile mali yake mpya. Aligusa sahani moja kwa kiganja.

"Hii ndiyo rotaveta?"

"Hii ni zaidi ya rotaveta, Mama Watoto. Pointi ya kwanza—"

"Inarudishika?"

"Umeshaanza sasa."

Aliingia ndani, akachukua sufuria safi akaanza kuisugua. Nilisimama mlangoni nikimngoja alipuke, nikamsaidie. Akasema tu, bila kunitazama, "Wanawake wa bondeni wanatungoja Ijumaa. Labda likishushwa kidogo litakwaruza juu juu tu." Nilimhurumia, lakini na yeye nilimdharau kidogo siku ile, siwezi kuficha. Kumbeba mtu mgongoni ni jambo jema, ila ukishamwona anakupiga mateke mbavuni, mshushe.

Kufunga lile dude kukawa sarakasi. Pini zake zilikuwa nene kuliko matundu ya mikono ya trekta letu, kitu ambacho mtu mwenye macho angekiona pale pale yadini. Mtaalamu akazipeleka kwa mchomeleaji zikachongwa mpaka zikaingia. Akarudi anasema amezifanyia maboresho. Akawasha trekta, akavuta leva ya haidroliki, plau likanyanyuka, na papo hapo magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi. Trekta lilisimama pua juu kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Watoto wakashangilia. Yeye akakaa pale juu, mgongo umelala, usukani anauzungusha lakini magurudumu yanageukia hewani.

"Ni kawaida," alisema aliposhuka. "Nguvu zimezidi."

Akajaza gunia mchanga, akalifunga mbele kwa kamba. Kwenye uwanja tambarare wa nyumbani trekta likatulia, ingawa lilikuwa likidundadunda. Kwake hiyo ilikuwa kazi imekwisha, akaenda kuoga.

Ijumaa tukateremka bondeni. Mdogo wangu alikuwa amevaa gauni la kijani nililomshonea mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuonekana na watu wa kazi. Wanawake wa bustani walikuwa wameshasimama kando ya mfereji, majembe yao yameegeshwa, Mama Mfereji mbele. Walimwona Mtaalamu anakuja juu ya kiti na miwani ya jua. Wakamwamkia yeye kwanza. "Karibu, Bosi." Mdogo wangu, aliyekuwa anatembea nyuma ya trekta akiyafuta matope kwenye taa za nyuma, naye akapewa salamu ya mke wa Bosi.

Mama Mfereji aliliona plau. "Hiyo siyo rotaveta."

"Mama, hii ni ya pointi nne," Mtaalamu akasema.

Mama Mfereji alimgeukia mdogo wangu, na mdogo wangu akaharakisha kusema, "Tutalishusha kidogo tu, mama. Juu juu. Mtaona kwanza kipande kidogo." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Yule mama akakubali, lakini akanyoosha kidole: kipande kile cha pembeni tu, kikiharibika basi.

Tatizo lilianzia kwenye kijiteremko cha kuingilia. Kamba ilikatika, gunia likaanguka kwenye jiwe likapasuka, mchanga wote ukamwagika njiani. Trekta likaanza tena kunusa mawingu. Watu wakarudi nyuma. Mtu mwenye akili angezima mashine, akacheka na wenzake, akaomba siku nyingine. Lakini Mtaalamu alikuwa na watazamaji, na yeye na watazamaji hawaachani hata kwa polisi. Alitazama huku na huku akitafuta kitu kizito. Macho yakamtua mkewe.

"Mama Watoto, njoo ukae hapa kwenye boneti."

Mdogo wangu hakuelewa. "Wapi?"

"Hapa mbele. Wewe una uzito mzuri."

Kuna wanawake walicheka, halafu wakaona kwamba hatanii. Nikamwambia, "Shemeji, una wazimu? Huyo ni mtu." Akanijibu kwamba mafundi wote wanafanya hivyo, ni hatua chache, na boneti lina joto lakini atatandika. Na kweli alilichukua lile gunia lililopasuka, akalikung'uta mchanga, akalikunja, akamtandikia. Huo ndio wema wake, niuandike hapa asije kusema nilimnyima haki.

Na mdogo wangu akapanda. Nilimshika mkono, akauondoa taratibu. Alikuwa analitazama bonde, yale matuta aliyoyapima mwenyewe na vigingi vyake, na niliona kabisa anapiga hesabu moja tu kichwani: kazi ipatikane, mengine baadaye. Akaketi pale mbele na gauni la kijani, miguu imening'inia juu ya taa, mikono imeshika pembe za boneti. Mumewe nyuma yake, miwani usoni, akavuta leva.

Sahani zilishuka. Hakuna cha juu juu. Chuma kile kilizama kwa uzito wake mpaka kilipotaka, na trekta likaguna likaanza kuvuta. Nyuma yake udongo mweusi ulilala pembeni, na katikati ukatokea mstari mweupe. Mwanzoni kidogo, halafu ukapanuka. Wanawake waliuona wote kwa pamoja. Mtaalamu hakuuona, alikuwa anatazama mbele, au tuseme anatazama mgongo wa mkewe. Mama Mfereji akaanza kukimbia na buti zake akipunga mikono. Mtaalamu akadhani anashangiliwa. Alipofika mwisho wa kipande akavuta leva kulinyanyua plau ili ageuze, na lile plau sasa lilikuwa limebeba na matope. Pua ya trekta ikapanda. Mdogo wangu aliteleza kinyumenyume, akagonga bega kwenye usukani, akaanguka pembeni, ndani ya mfereji.

Nilifika kwanza. Alikuwa mzima. Maji yalimfika kiunoni, gauni limekuwa rangi ya udongo, damu kidogo kwenye kiwiko. Alikataa kushikwa, akatoka mwenyewe kwa magoti. Nyuma yangu nikasikia trekta likizimwa na Mtaalamu akisema kwa sauti ya kuelekeza watu, "Tatizo hakushika vizuri."

Mama Mfereji alisimama juu ya ule mstari mweupe, akaufinyanga kwa kisigino, akatazama kipande chake kilichoharibika. Kisha akasema kwa utulivu, "Bosi, chukua trekta lako uende."

"Mama, naomba nieleze. Nina pointi—"

"Kaa nazo." Akawageukia wenzake. "Mimi bonde hili simpi mwanamume anayemfanya mkewe jiwe la kukandamizia trekta. Atatufanyaje sisi? Kesho tumwite yule kijana wa ng'ambo."

Wanawake wakaitikia. Walikuwa wanamtetea mdogo wangu, kila mmoja wao, na wengine walikuwa wanamtazama kwa huruma ya kweli. Nami nilikuwa naitikia pamoja nao, mpaka nilipomwona uso. Maji yanamdondoka, amesimama, anasikiliza jinsi anavyotetewa mpaka ananyang'anywa kazi. Miaka ya mvuke na mashuka inaondoka kwenda ng'ambo ya kilima, na wanaoipeleka wanadhani wanamkomoa mumewe.

"Basi mpeni jiwe," alisema.

Mama Mfereji akageuka. "Umesemaje, mwanangu?"

"Kazi. Huyu mnyimeni, mko sawa. Mpeni jiwe." Hakupandisha sauti. "Trekta ni la jiwe. Jiwe ndilo lililofua mashuka ya hospitali mpaka likalinunua. Matuta yale jiwe ndilo lililoyapima. Yeye hana hata bolti moja hapo."

Mtaalamu alicheka kidogo akawaambia watu kwamba mkewe amejigonga kichwa, wamsamehe. Hakuna aliyecheka naye. Akawapitia nyuso zao moja moja akitafuta wa kumwokoa, mpaka akafika kwangu. Mimi, kati ya watu wote. "Shemeji," akasema, na safari hii hapakuwa na upole wa kuchefua, alikuwa ananiomba, "waambie."

Nikawaambia. "Trekta ni lake. La mdogo wangu. Tangu siku ya kwanza."

Mama Mfereji alimtazama Mtaalamu kwa muda, kisha akamtazama mwenye trekta, kuanzia nywele zilizolowa mpaka miguu. "Jumatatu," alisema. "Na rotaveta. Ukija tena na hilo dude, utanilipa kipande changu na hatutajuana."

"Jumatatu," mdogo wangu akaitikia.

Akaenda nyuma ya trekta. Nilimsaidia kuchomoa pini, mbili za chini na moja ya juu, na plau likabaki pale pale limekaa kwenye uharibifu wake. Alisema Jumamosi atalipeleka kwa mtu wa vyuma chakavu, liongezee pesa ya rotaveta. Mtaalamu, kwa mazoea, alikuwa ameshapanda kwenye kiti, mikono kwenye usukani, anangoja tumalize.

Mdogo wangu akasimama chini yake. "Shuka, Baba Watoto."

Akashuka. Mkewe akapanda, akakaa na matope yake yote kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia, akashika usukani mahali asipopajua vizuri. Wanawake wote walikuwa wanatazama. Hakuona aibu hata kidogo. Akamwinamia mumewe akamuuliza, kama anavyomuuliza mtu njia, "Linawashwaje?"

Na Mtaalamu akamwonyesha. Kanyaga hapa, zungusha hapa. Tangu nimfahamu, ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anajibu alichoulizwa tu.